Kabla ya kumwita katibu mwizi, ichunguzeni kumbukumbu ya mashine

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililotokea katika diko mojawapo la visiwa vyetu vya Lamu, ambapo katibu wa kikundi cha wavuvi, mtu ninayemjua kwa uaminifu wake, alimaliza karibu msimu mzima wa kaskazi akitajwa barazani kuwa anapunguza kilo za watu, ilhali kilichokuwa kikizipunguza ni baiti moja, yaani kijipande kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta kinachobeba namba moja, iliyoandikwa mahali pasipo pake ndani ya kisanduku cha mizani. Sitakitaja kikundi hicho, wala aliyeiandika programu ile, kwa kuwa kosa lenyewe ni la kawaida mno kiasi kwamba linaweza kumpata yeyote katika kazi hii yetu. Ninachotaka kukieleza ni namna kosa la aina hiyo linavyotafutwa, kwa sababu vijana wetu wengi sasa wanafundishwa kuandika programu lakini ni wachache wanaofundishwa kuiuguza.

Kikundi hicho kina mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na kisanduku kidogo chenye programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Samaki wakiteremshwa, matenga hupimwa moja moja na jumla ya kilo huingia kwenye rekodi. Jina la chombo huchaguliwa kutoka kwenye orodha iliyohifadhiwa katika kadi. Kisha risiti hutoka, na malipo hufuata risiti hiyo. Kazi ilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Baadaye nahodha wa chombo kimoja, nami nitakiita Mwenda Ng’ambo kwa kuwa jina la kweli lina urefu uo huo na ritifaa, kile kialama cha juu cha ng’, pale pale, akaanza kulalamika kwamba siku amepima kilo 300 risiti inasema 256, siku amepima 540 risiti inasema 512, na siku ya samaki wachache, kilo 190, risiti ilitoka na sifuri. Vyombo vingine havikuwa na lalamiko lolote. Mtu atawaza nini? Mashine ni moja, mizani ni moja, anayebonyeza ni mmoja, na anayepunjwa ni mmoja. Watu wakahitimisha kwamba kuna chuki.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alishauri mashine izimwe na kuwashwa upya kila ikikosea. Wa pili akabadilisha betri, akidai umeme mbovu unavuruga hesabu. Ushauri huo wa kuzima na kuwasha ndio unaoniuma zaidi, kwa kuwa unafuta kila alama ambayo ingetuonyesha njia. Rekodi iliyoharibika ilipaswa kutunzwa kama ilivyo, baiti kwa baiti, kabla ya mtu yeyote kugusa swichi.

Nilipoitwa mimi, jambo la kwanza nililoomba ni risiti zote za chombo kile, zilizo sahihi na zilizo na kasoro. Nahodha alinijia nazo ndani ya mkoba wa plastiki, akaniambia, “Mwanangu, mimi nilisimama pale pale na kilo mia tatu nikaziona kwa macho yangu. Hizi mia mbili na hamsini na sita zimetoka wapi?” Hilo ndilo swali la kweli, na ninatamani kila mwandishi wa programu angelianza kazi kwa swali kama hilo. Hakuniuliza arobaini na nne zake zimekwenda wapi. Aliniuliza hii namba mpya imetoka wapi.

Namba 256 mtu wa kompyuta haipiti hivi hivi. Baiti moja hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Kilo 300 huandikwa kwa baiti ya juu yenye 1, yaani 256, na baiti ya chini yenye 44. Futa baiti ya chini, ubaki na 256. Ukifanya hivyo hivyo kwa 540 utabaki na 512, na kwa 190, ambayo yote imo katika baiti ya chini, hutabaki na kitu. Risiti zote zenye kasoro zilikuwa za namna hiyo hiyo. Hapo nikajua kwamba betri haina hatia, kwa maana umeme mbovu au kumbukumbu iliyochakaa hugeuza biti, zile sifuri na moja zinazounda baiti, hapa na pale pasipo utaratibu, na hauwezi kuchagua jina la chombo. Kitu fulani ndani ya programu kilikuwa kikiandika sifuri, moja tu, juu ya baiti ya kwanza ya uzani, ambayo katika mashine ile ndiyo hiyo ya chini.

Wenye vyombo watanielewa nikisema kwamba maji yanayoonekana ngamani hayakuingilia ngamani. Mafundi wa Matondoni, mashua ikivuja, hawapigi kalafati pale maji yalipotuama. Wanajua kwamba maji huingia kwa mshono ulio mbali, yakatambaa juu ya mataruma, yakakusanyika chini. Anayefua maji asubuhi na jioni anaokoa safari ya siku ile tu. Kumbukumbu ya kompyuta iliyoharibika ni hivyo hivyo. Mahali programu inapoanguka, au namba inapoonekana mbovu, ni mahali madhara yalipojitokeza, na aliyeyafanya huenda alikwisha kupita zamani, katika sehemu ya programu isiyohusiana kabisa na hesabu za kilo. Kwa hiyo kusoma mistari inayochapa risiti mara mia, kama alivyofanya fundi wa pili, hakungeweza kuleta jibu hata siku moja. Mistari ile ilikuwa sahihi.

Basi nikaendelea na risiti. Katika zile ambazo kilo zake zilikuwa sahihi, niliona jambo ambalo kila mtu alikuwa ameliona na kulidharau. Siku moja ya kilo 300 sahihi, jina la chombo lilifuatwa na alama ya mkato. Siku ya kilo 321, jina lilikuwa limeongezewa herufi A mwishoni. Ritifaa ya Ng’ambo nayo, katika risiti zote za miezi ile, ilichapwa kama alama tatu zisizosomeka. Katibu aliniambia kwa unyenyekevu kwamba walidhani ni uchafu wa printa.

Haukuwa uchafu. Katika utaratibu wa zamani wa kuandika herufi kwa namba, uitwao ASCII, mkato ni namba 44 na A kubwa ni namba 65. Kilo 300 ni 256 na 44. Kilo 321 ni 256 na 65. Jina lilikuwa likisomeka mpaka likaingia ndani ya uzani! Sasa nilikuwa na dalili mbili zinazokamilishana: wakati mwingine mkia wa jina unafuta uzani, na wakati mwingine uzani unafuta mkia wa jina, kutegemea kipi kimeandikwa mwisho. Nikamuuliza katibu kama huwa anapima kwanza au anachagua chombo kwanza. Akasema hakuna utaratibu maalumu. Diko likiwa na watu wengi anapima kwanza, likiwa tulivu anachagua jina kwanza. Hapo ndipo kosa lililokuwa linakuja na kuondoka likaacha kuwa la bahati.

Alama zile tatu zilieleza kilichobaki. Rekodi ilitenga baiti 16 kwa jina, na mara tu baada ya hizo 16 huanza uzani. Lugha ya C hujua mwisho wa maneno kwa kuweka sifuri baada ya herufi ya mwisho, kwa hiyo jina lenyewe halipaswi kuzidi baiti 15. Mwenda Ng'ambo, ukihesabu na nafasi ya katikati, lina herufi na alama 14. Likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, ya baobonye la kawaida, linatosha na sifuri yake na bado nafasi moja inabaki. Lakini orodha mpya ya vyombo ilikuwa imetayarishwa kwa programu ya kuandikia barua, ambayo huipinda ritifaa yenyewe ili ipendeze, na ritifaa iliyopinda, katika mtindo wa UTF-8 unaotumika siku hizi, huchukua baiti 3 badala ya moja. Jina likawa baiti 16 kamili. Sifuri ya mwisho, ya 17, ikakosa pa kukaa ikaketi juu ya uzani. Hakuna chombo kingine katika orodha kilichokuwa na jina refu kiasi kile chenye ng ya ritifaa. Ninaomba wasomaji watafakari: alama ambayo lugha yetu haiwezi kuandikwa bila yake, ile inayotenganisha ng'ombe na ngoma, ndiyo iliyomfanya mtu mwadilifu aitwe mwizi, kwa sababu aliyepanga rekodi ile alihesabu herufi akidhani anahesabu baiti.

Mpaka hapo nilikuwa na dhana nzuri, na dhana si ushahidi. Nikaichukua programu ile ile, nikaijenga kwenye kompyuta yangu na kuiendesha chini ya vyombo viwili vya ukaguzi, navyo ni programu pia, vinavyotegemewa sana katika kazi hii. Cha kwanza ni Valgrind, kilichotolewa na Julian Seward mwaka 2002, ambacho huiendesha programu hatua kwa hatua na kukagua kila inapogusa kumbukumbu, ingawa huifanya iende polepole mara nyingi. Cha pili ni AddressSanitizer cha wahandisi wa Google, kilichoelezwa hadharani mwaka 2012, ambacho kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya C kuwa amri za mashine, hukishona ndani ya programu yenyewe na kuipunguza kasi kwa takriban mara mbili tu. Huweka ukanda uliokatazwa kila upande wa kipande cha kumbukumbu, na anayekanyaga ukanda huo hukamatwa papo hapo, pamoja na mstari aliokuwa akiutekeleza. Nilipima kilo 300, kisha nikachagua jina lile, nikaona 256 ikitokea mbele ya macho yangu. Vyombo vyote viwili havikusema neno.

Nalisimulia hili kwa urefu kwa sababu najua wapo vijana ambao hapo wangefunga kompyuta na kuandika ripoti kwamba programu ni salama. Vyombo hivyo havikukosea. Vinalinda mipaka ya kipande kizima, na rekodi yetu ilikuwa kipande kimoja. Jina na uzani vilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja, na walinzi walikuwa wamesimama nje langoni. Aliyetoka chumba kimoja akaingia cha pili hakuvuka lango lolote. Kimya cha chombo kina maana kwa yale tu ambayo chombo hicho kimetengenezwa kuyaona.

Nikafungua dibaga iitwayo GDB, programu ya kuisimamisha na kuichungulia programu nyingine inapoendeshwa, na kuweka ulinzi juu ya anwani ya uzani, yaani mahali unapokaa katika kumbukumbu. Hii ni kazi ambayo kichakataji chenyewe huisaidia: unakiambia, baiti hizi zikibadilika, simamisha kila kitu. Vichakataji vya kawaida vya kompyuta za mezani vina nafasi nne tu za ulinzi wa namna hiyo, kwa hiyo huwezi kulinda kumbukumbu yote. Lazima kwanza ujue unalinda nini, na hilo lilikuwa limekwisha kujulikana kwa risiti za nahodha. Programu ilisimama mara ya kwanza wakati mizani ilipoandika 300, jambo ambalo ni halali. Nikairuhusu iendelee. Nilipochagua jina la chombo ikasimama tena, na kwenye skrini ikaandikwa thamani ya zamani 300, thamani mpya 256, na mwandikaji hakuwa hesabu wala printa, bali kazi ya kunakili maneno iitwayo strcpy, iliyoitwa na sehemu ya kuchagua chombo. Strcpy hunakili mpaka ikutane na sifuri, wala haiulizi kama inakonakili panatosha. Nikamwita katibu aje aone mwenyewe. Alisoma mistari ile miwili, akanyamaza, kisha akaniomba niirudie ili aione mara ya pili.

Rekebisho lenyewe lilikuwa fupi, lakini hata hapo pana mtego. Mwenzangu mmoja alipendekeza strncpy, ambayo huambiwa kikomo. Ni kweli uzani ungesalimika. Lakini strncpy ikijaza baiti zote 16 haiweki sifuri mwishoni, na ule mkato ungeendelea kuchomoza baada ya jina. Tuliongeza nafasi ya jina, tukaweka kipimo cha urefu kwa baiti kabla ya kunakili, na jina lisilotosha sasa linakataliwa kwa ujumbe unaosomeka wakati orodha inapakiwa, si wakati samaki wako juu ya mizani. Vilevile tuliiwashia kompaila kinga iitwayo FORTIFY_SOURCE kwa daraja la pili, ambayo kwa kazi za maneno kama strcpy hupima hata chumba kimoja ndani ya rekodi. Ingekuwa imewashwa tangu mwanzo, programu ingesimama yenyewe siku ya kwanza badala ya kutoa risiti ya uongo. Mimi naona programu inayokataa kuendelea ni bora mara mia kuliko inayoendelea na kudanganya.

Yapo maradhi mengine ya jamii hii yasiyokuwa na ukarimu wa kuacha mkato kwenye risiti. Programu inapokwisha kurudisha kipande cha kumbukumbu kwa mfumo, kisha ikaendelea kukiandikia, ni kama nahodha aliyekwisha kung'oa nanga akarudi usiku pale pale na kushusha matenga yake gizani ndani ya chombo cha mtu mwingine kilichotia nanga baada yake. Madhara hujitokeza saa nyingi baadaye, mara nyingi ndani ya kazi za malloc au free zinazogawa na kupokea kumbukumbu, na kijana asiyefundishwa huilaumu maktaba ya mfumo, yaani mkusanyiko wa kazi hizo zilizokwisha kuandikwa, ambayo imetumiwa ulimwenguni kote kwa miongo mingi. Kwa maradhi hayo Valgrind na AddressSanitizer ni tabibu hodari. Msaada mwingine wa zamani, nao hauhitaji chombo chochote, ni kukijaza kila kipande kilichorudishwa kwa namba ya kutambulika. Ukija kuikuta namba hiyo katika hesabu ya mtu, unajua mara moja kwamba umesoma kumbukumbu iliyokwisha kuachwa.

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya mizani za samaki tu. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia programu iliyoenea katika intaneti changa ya wakati ule, na mojawapo ya njia zake ilikuwa nafasi ya baiti 512 iliyopokea maneno bila kuyapima, kupitia kazi ya C iitwayo gets. Kazi hiyo iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha mwaka 2011, miaka 23 baadaye. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaouziba kila mwaka unatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Lugha kama Rust, iliyofikia toleo lake la kwanza imara mwaka 2015, ziliundwa ili makosa mengi ya namna hii yakataliwe kabla programu haijaendeshwa. Kwa kazi mpya ningependa vijana wetu wazijue. Lakini visanduku vya C vimekwisha kuenea kwenye mizani, mita na pampu zetu, na vitakuwa nasi kwa miaka mingi.

Ombi langu kwa walimu wa vyuo vya pwani, kuanzia Lamu hadi Malindi na Mombasa, ni kwamba wawape wanafunzi programu zilizoharibiwa kwa makusudi na kuwadai watoe ushahidi wa nani aliandika wapi, badala ya kuwapa alama kwa programu inayoendeshwa vizuri mara moja mbele ya mwalimu. Na ombi langu kwa vikundi, vyama vya akiba na wenye maduka wanaonunua programu ni kwamba risiti yenye kasoro isichanwe. Iandikeni tarehe, saa na mpangilio wa hatua zilizofanywa, na fundi akiwaambia zimeni muwashe, mumuulize kwanza amenakili nini kabla ya kuzima.

Baada ya rekebisho lile tulikaa, katibu, nahodha na mimi, kutafuta kilo zilizopotea, maana baiti iliyofutwa haiwezi kurudishwa kwa hesabu yoyote. Anayeona 256 hajui kama ilikuwa 257 au 511. Kilichotuokoa ni daftari la nahodha, alilokuwa akiandika kila jioni kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa na babake, tarehe upande mmoja na kilo upande wa pili. Katibu ndiye aliyelisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, nami nikijumlisha, na kikundi kimekubali kulipa tofauti yote.

Wako,
Mwandishi wa programu,
Langoni, Lamu.